Laki na kumi kwa kila kichwa: akina mama wapishi wa shamba katika mkahawa wa bei kubwa

Usuli

Kikundi ninachokieleza hapa kina akina mama saba wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Wamenikubalia niandike kisa chao ili vikundi vingine vifaidike, kwa sharti kwamba nisitaje kijiji, mtu wala mkahawa walioutembelea. Wahusika nitawaita kwa vyeo vyao vya kikundi. Mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Hesabu nimeziacha kama zilivyo katika daftari lao, maana bila ya hesabu kisa hiki hakimfai mtu.

Kazi yangu ilikuwa ya daftari. Huwasaidia akina mama wa vikundi vya upishi kupanga mapato na matumizi, na nilihudhuria mikutano yao ya kabla na ya baada. Jioni yenyewe sikuwepo. Ninayoyasema juu yake ni waliyoyaandika wao na waliyonisimulia.

Takriban wote saba walianzia kwenye mwani. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kiliingia pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ndicho kilichompa mwanamke wa huko shilingi yake mwenyewe. Kisha bei ikawa ndogo, maji ya pwani yakazidi moto, mwani ukawa unaozea kwenye kamba. Mmoja mmoja wakahamia jikoni. Walianza kwa kupikia shughuli: harusi, hitima, maulidi. Baadaye watembeza wageni wakaanza kuwaletea watalii wa zile nyumba ndogo za kulala ufukweni, ili wale chakula cha mchana uani kwa mwenyekiti. Wageni hao walipata wali wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, chatne ya embe mbichi na mkate wa kumimina.

Mgeni alilipa shilingi 25,000. Vyakula, kuni na gesi vilichukua 14,000, mtembeza wageni 5,000. Zile 6,000 zilizobaki ndizo za jasho lao wote saba. Kwa wastani wa mwaka walipata wageni 40 kwa mwezi, maana yake 240,000. Akiba ya kikundi, iliyokusanywa pole pole kutokana na shughuli za harusi, ilikuwa 2,300,000.

Swali la mshika fedha

Siku moja mtembeza wageni aliwaambia kwamba wageni aliowaleta mchana ule walikuwa wamekula mjini usiku wa kuamkia siku hiyo, juu ya paa la nyumba ya Mji Mkongwe, kwa 110,000 kila mtu bila ya vinywaji. Wageni haohao walimwambia kuwa pweza wa akina mama ni mzuri kuliko wa mjini.

Wengine walicheka kwa furaha. Mshika fedha hakucheka. Aliuliza: "Basi wao wanauza nini ambacho sie hatuna?"

Swali hilo lilizungumzwa katika mikutano mitatu. Mshika fedha alipendekeza kikundi kitoe fedha kutoka kwenye akiba, waende wakale wao wenyewe, waone. Pingamizi zilikuja kutoka kila upande. Mwenyekiti aliogopa kuchekwa. Mwanachama mmoja alisema mumewe hatamruhusu usiku mjini, na kweli hakumruhusu mpaka alipohakikishiwa kuwa wanakwenda kwa gari moja na kurudi pamoja. Pingamizi zito kuliko zote lilitoka kwa mwanachama ambaye ndiye mpishi wao hodari wa biriani. Yeye alileta mambo mawili. Kwanza, kwamba kula kwa laki moja na elfu kumi mtu mmoja ni israfu, na watu wa dini wamekatazwa israfu katika kula na kunywa. Pili, kwamba pahala penyewe panauzwa ulevi. "Mie mezani panapopita chupa sikai," alisema, na hapo alifunga mazungumzo.

Mshika fedha alijibu jambo la kwanza tu. Alisema israfu ni kutumia bila ya haja, na wao wana haja: kila siku wanauza kitu ambacho hawajui thamani yake. Jambo la pili lilipita bila ya jibu. Nitalirudia mbele, kwa sababu hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa uamuzi wao.

Masharti waliyojiwekea

Walikubaliana kwa kura tano dhidi ya mbili. Gharama zote, pamoja na usafiri na bakshishi, zisizidi 900,000. Kila anayekwenda awe na kazi yake ya kuangalia: mmoja aangalie saa, mmoja vyombo na wingi wa chakula, mmoja maneno ya wahudumu, mmoja usafi na kunawa, mmoja chakula chenyewe. Na ndani ya mwezi mmoja kikundi kiwe kimejaribu angalau jambo moja waliloliona huko.

Mmoja alitaka waende wawili tu, waokoe zaidi ya laki tano. Hoja hiyo ilikataliwa na katibu kwa maneno ambayo mpaka leo naona yana uzito: wakienda wawili, watarudi wawili wenye kujua na watano wenye kuambiwa, na mtu aliyeambiwa hupika kwa shaka.

Waliokwenda walikuwa watano. Mpishi wa biriani alikataa, na mwengine alibaki na mama yake mgonjwa. Katibu alipiga simu kuweka nafasi, akauliza kama nyama ni ya halali na kama jikoni huingia nguruwe. Alijibiwa vizuri na kwa adabu.

Jioni yenyewe

Mkahawa ulitaka wafike saa 12 jioni, kabla jua halijazama, kwa sababu kuzama kwa jua ni sehemu ya kinachouzwa. Walipanda ngazi za mbao, zilizosimama wima kama zilivyo ngazi za nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na mwenyekiti, mwenye maumivu ya goti, alisimama mara kadhaa. Juu walikuta meza tisa na wageni 26 kwa jumla. Mhudumu, kijana wa hapahapa Unguja, aliwapokea kwa "Shikamooni mama zangu", na mwenyekiti ananiambia kwamba pale pale moyo ulitulia.

Tatizo likawa magharibi. Muda wa jua kuzama, ambao wageni wengine wote walikuwa wanapiga picha, kwao ulikuwa muda wa sala, na sahani ya kwanza ilikuwa imeshakuja. Katibu alimwita yule kijana, akamnong'oneza. Kijana aliwashusha ghorofa ya chini, akawafungulia chumba, akawaonesha kibla na maji ya kutawadhia. Waliporudi hawakukuta vyakula vimepoa mezani. Sahani ya kwanza ilikuwa imerejeshwa jikoni na kutengenezwa upya, na ya pili ikacheleweshwa ili wasiharakishwe. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo. Katika daftari la yule aliyepewa kazi ya maneno na huduma, jambo hili limeandikwa kwa mistari sita, na limepigiwa mstari.

Zilikuja sahani tano, moja baada ya nyengine. Kachori mbili ndogo na chatne ya ukwaju. Supu ya boga na tui iliyonyunyizwa kungumanga. Pweza, vipande vinne juu ya embe. Jodari aliyebanikwa nje tu, ndani mbichi, pamoja na wali kidogo. Mwisho halwa, kipande kimoja, na aiskrimu ya iliki. Baina ya sahani na sahani zilipita dakika 20 mpaka 30. Kila sahani ilipoletwa, mhudumu alieleza kilichomo na kilikotoka.

Juu ya chakula hawakuficha maoni yao. Supu waliisifu wote, na wawili waliomba kujua ilivyopikwa. Kachori walisema ya kawaida. Jodari aliye mbichi ndani watatu hawakummaliza. Pweza alipewa hukumu na mwanamke aliyepewa kazi ya chakula, ambaye tangu utoto wake ameshuka mwambani siku za bamvua na kijiti chake: "Pweza huyu hakupigwa. Kachemshwa mpaka kachoka." Alikuwa laini, lakini utamu wake ulikuwa umebaki kwenye maji yaliyomwagwa.

Kuna jambo jengine, ambalo halikuwa la kazi ya mtu yeyote na halikuandikwa. Mkubwa wao kwa umri, mwanamke aliyepikia harusi zisizohesabika, aliwaambia wenzake katika gari wakati wa kurudi kwamba tangu aolewe hajapata kukaa karibu masaa matatu akiletewa, bila ya mtu hata mmoja kumwambia inuka. Walinyamaza wote, nami nilipohadithiwa nilihisi kwamba hapa pana kitu ambacho daftari langu halina safu yake.

Bili ilikuwa hivi. Watano kwa 110,000 ni 550,000. Juisi na maji 62,000. Huduma asilimia 10, yaani 61,200. Kodi ya ongezeko la thamani asilimia 15 juu ya jumla hiyo, 100,980. Jumla 774,180. Bakshishi waliyompa kijana 20,000, gari 80,000. Jioni nzima iliwagharimu 874,180, zaidi ya theluthi ya akiba yao. Huduma na kodi hazikuwa ndani ya bei ya menyu. Ziliandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, na lau katibu asingeliuliza mapema kwenye simu, wangekwenda na fedha pungufu.

Walichokibadilisha

Walikutana baada ya siku mbili, kila mmoja na karatasi yake. Mabadiliko ya kwanza yalihusu muda. Mgeni lazima aweke nafasi siku moja kabla, na wageni wasizidi wanane kwa mkupuo mmoja. Zamani mtembeza wageni aliweza kutokea na watu 15 saa saba mchana bila ya taarifa, na akina mama wakahangaika kama waliovamiwa.

Pili, chakula kikaacha kuletwa chote kwa pamoja. Kwanza maji ya kunawa, kwa birika na bakuli, kama anavyonawishwa mgeni yeyote wa heshima. Mila hii ilikuwa yao tangu hapo, ila kwa watalii waliiacha na kuwaelekeza kwenye mfereji nyuma ya nyumba, kwa kudhani Mzungu haitaki. Kisha supu, kisha samaki, kisha wali na pweza kwenye sinia, mwisho mkate wa kumimina na chai ya viungo. Mmoja wao hukaa na wageni muda wote, haendi jikoni. Huwaeleza pweza huyu amevuliwa na nani, mwamba upi, asubuhi ya leo au jana, na amepigwa vipi mpaka akalainika.

Bei ikapandishwa kutoka 25,000 hadi 45,000. Mabishano ya bei yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia. Baada ya kuonja pweza wa mjini, hakuna aliyeona haya kutaja 45,000.

Walijaribu pia kupunguza wingi wa chakula na kukipanga katikati ya sahani kubwa. Jaribio hili lilikufa ndani ya wiki mbili. Wageni waliuliza kama kuna zaidi, na akina mama wenyewe walikuwa wakitahayari kumpelekea mtu wali wa vijiko vitatu ndani ya nyumba yao. Sinia likarudi.

Matokeo kwa hesabu

Gharama za mgeni mmoja zilipanda hadi 19,000, kwa sababu ya supu, chai na samaki bora. Mtembeza wageni alibaki na 5,000 yake. Kwa hiyo kila mgeni aliacha 21,000 badala ya 6,000.

Wageni walipungua mara moja. Watembeza wageni wawili walikasirishwa na utaratibu wa kuweka nafasi, wakapeleka watu wao kwengine. Mwezi wa kwanza walikuja 9 tu, na kikundi kilipata 189,000, chini ya wastani wao wa zamani. Mwezi wa pili 14, wa tatu 19, wa nne 22, wa tano 24, wa sita 25.

Mshika fedha alihesabu kwa njia yake: kila mgeni sasa anaongeza 15,000 kuliko zamani, kwa hiyo wageni 59 wanarudisha gharama ya ile jioni, na wageni 59 walishapita katika mwezi wa nne. Hesabu hiyo inapendeza, lakini haijali kwamba wageni wenyewe wamepungua. Niliwaonesha njia ya pili: linganisha jumla ya kila mwezi na zile 240,000 za zamani. Mwezi wa kwanza ni hasara ya 51,000, wa pili faida ya 54,000, wa tatu 159,000, wa nne 222,000. Mpaka hapo faida ya ziada ni 384,000 tu. Mwezi wa tano ikaongezeka 264,000, na wa sita 285,000, ndipo jumla ikafika 933,000 na gharama ikarudi.

Na hata hesabu yangu inahitaji tahadhari. Mabadiliko yalianza mwezi wa Juni, mwanzo wa msimu wa wageni wengi, wakati wastani wa 40 ulikuwa wa mwaka mzima pamoja na miezi ya masika ambayo uwani hukauka wageni. Sehemu ya ongezeko ni ya msimu. Kisichokuwa na ubishi ni kazi: walikuwa wakipikia watu 40 kwa 240,000, sasa wanapikia 25 kwa 525,000.

Uchambuzi: walinunua nini?

Kabla ya kusema kama ilistahili, yafaa kujua ile 110,000 ilikwenda wapi. Tulikaa chini na kukisia gharama ya vyakula kwa bei za soko la Darajani mjini na za pwani. Pweza kikundi hununua kwa 10,000 kwa kilo, na akipikwa hupungua kwa kiasi cha nusu. Vile vipande vinne mezani, kama gramu 80, vilitokana na pweza mbichi wa shilingi zisizofika 2,000. Sahani zote tano, kwa makisio yao, hazikuzidi 20,000. Mikahawa mingi duniani hujitahidi vyakula visizidi theluthi moja hivi ya bei. Hapa ni chini ya moja ya tano.

Hapo ndipo mtu husema "wanatuibia". Mimi sikubaliani. Ile meza huuzwa mara moja kwa usiku. Mkahawa wa biriani wa Darajani hukalisha watu kadhaa kwenye kiti kimoja kuanzia mchana hadi usiku, na kila mmoja huchangia kodi ya nyumba kidogo kidogo. Juu ya paa, mtu mmoja hukalia kiti karibu masaa matatu na kulipia usiku wote wa kiti hicho. Hulipia pia nyumba ya mawe na chokaa ambayo ikikosa matengenezo hubomoka, mishahara ya wahudumu wanaosubiri pembeni, na mpishi anayetengeneza sahani upya kwa sababu wageni wamekwenda kusali. Kilichouzwa kwa 90,000 zilizobaki ni nafasi, na watu wa kukuangalia.

Hata huko bei zilikopaa, kazi hii si rahisi kuendesha. Noma ya Copenhagen, iliyowahi kutajwa mara tano kuwa mkahawa bora duniani, ilitangaza Januari 2023 kwamba itaacha kuwa mkahawa wa kawaida, na mpishi wake René Redzepi alisema wazi kwamba utaratibu wa kazi ya namna hiyo hauwezi kuendelea. elBulli ya Hispania, chini ya mpishi Ferran Adrià, ilifunga milango 2011 ikiwa katika kilele cha sifa. Kwa hiyo bei kubwa peke yake si dalili ya tamaa. Ni dalili ya mikono mingi kwa vinywa vichache.

Swali la kustahili nalo ni la zamani. Kampuni ya matairi ya Michelin huko Ufaransa ilianza kutoa nyota kwa mikahawa mwaka 1926, ikaongeza ngazi za nyota mbili na tatu mwaka 1931, na maana ya nyota tatu ni kwamba mkahawa unastahili mtu afunge safari kwa ajili yake tu. Kipimo hicho ni cha msafiri mwenye gari na fedha. Kwa kikundi chetu kipimo kinabadilika: 110,000 ni faida ya wageni zaidi ya 18 kwa bei yao ya zamani.

Kwa kipimo hicho, chakula peke yake hakikustahili. Sisemi hivi kwa kulinda vya nyumbani. Pweza alishindwa na pweza wao, kachori ililingana na ya barazani, na supu nzuri ya boga si kitu cha kwenda kuitafuta kwa laki moja. Inajulikana pia kwamba bei yenyewe huathiri ulimi. Mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha majaribio ambamo watu walionjeshwa mvinyo uleule mara mbili kwa bei tofauti, na walipoambiwa ni ghali waliusifu zaidi, hata vipimo vya ubongo vikaonesha raha zaidi. Nikisoma karatasi za akina mama naona bei haikuwatawala katika vyakula wanavyovijua kwa mikono yao. Sifa kubwa ilikwenda kwenye supu, chakula ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akikipika. Sijui mjuzi wa pweza anayeweza kudanganywa na sahani nzuri.

Kilichostahili ni kule kuhudumiwa. Nimejiuliza sana kama wangeweza kukipata kwa bei ndogo. Kuweka nafasi, kuhudumia kwa mpangilio, kumweleza mgeni asili ya chakula: haya yote yule kijana angewaeleza kwa simu, au wangeyaona kwa chakula cha mchana mahali pa bei ya wastani. Kupandisha bei pia kungewezekana bila ya kupanda ngazi yoyote. Lakini nilihudhuria mikutano ya miaka ya nyuma ambamo niliwaambia kwamba bei yao ni ndogo mno, na kila mara walinijibu kwamba wageni hawatakubali. Daftari halikuwashawishi. Kiti kiliwashawishi. Mwanamke aliyeletewa kwa karibu masaa matatu alifahamu kwa mwili wake kile ambacho mgeni analipia, na aliporudi hakuwa tena na haja ya mtu wa kumshawishi.

Masharti yao pia yalifanya kazi kubwa. Kikomo cha 900,000 kilizuia mtu kuagiza cha ziada kwa hamaki. Kugawana kazi za kuangalia kulifanya warudi na karatasi tano zinazotofautiana badala ya sifa moja ya jumla. Na hoja ya katibu juu ya kwenda watano naikubali, ingawa naamini watatu wangetosha, na akiba ingeokoa laki tatu na zaidi.

Yaliyoharibika

Mpishi wa biriani aliondoka katika kikundi mwezi wa pili wa mabadiliko. Pingamizi lake la israfu lilijibiwa. La ulevi liliachwa njiani. Wala halikuwa gumu kulijibu. Mji Mkongwe una mikahawa mizuri isiyouza ulevi, na mingine hukubali chakula cha mchana, wakati ambao meza nyingi hazina chupa na hakuna magharibi ya kugongana na sahani ya kwanza. Hakuna aliyependekeza hata kutafuta. Jina la mkahawa mmoja lilitajwa na mtembeza wageni tangu siku ya kwanza, na akili zote zikaganda hapo. Kikundi kilihesabu pingamizi lake kama kura moja dhidi ya tano, wakati lilikuwa sharti la dini ambalo kura haiwezi kuliondoa. Alibaki na hisia kwamba fedha alizochangia kwa jasho lake zilitumika mahali ambapo yeye hawezi kuingia, na ni kweli, ndivyo zilivyotumika. Alirejeshewa sehemu yake ya akiba. Katika zile hesabu za kurudisha gharama, kuondoka kwake hakumo, lakini kikundi kimepoteza oda mbili za harusi zilizokuwa zikija kwa jina lake.

La pili ni watembeza wageni. Utaratibu mpya walitangaziwa siku ulipoanza, bila ya kuulizwa. Wawili walioondoka walikuwa wanaleta karibu nusu ya wageni. Wiki mbili za mazungumzo, na pengine kuwaongezea elfu mbili kwa kila mgeni kutoka kwenye ile 21,000, zingepunguza anguko la mwezi wa kwanza.

Mwisho wa mwezi wa sita wa mabadiliko mshika fedha alileta pendekezo la kwenda tena, safari hii kwenye ule mkahawa wa juu ya jiwe huko Michamvi Pingwe, ambako maji yakijaa watu huvushwa kwa boti. Wengine walitaka iwe desturi ya kila mwaka. Nilipoulizwa nilisema sioni haja: swali lililowapeleka mara ya kwanza limeshajibiwa, na hakuna aliyeweza kunitajia swali jipya. Kura ilikuwa tatu kwa tatu. Mwenyekiti aliamua fedha ziende kwenye friza ya kuwekea pweza wa bamvua, na akampeleka katibu nyumbani kwa mpishi wa biriani kumuuliza kama atakubali kupikia kikundi harusi za mwezi wa mfunguo mosi, unaofuata Ramadhani, kwa malipo ya siku. Amekubali harusi moja.